Puto Tumboni mwa Shangazi

Jumapili, 5 Oktoba 1997

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata baba yangu aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe: ndani ya tumbo la shangazi yangu Teodora kuna puto.

Nilidhani nikiliandika litaonekana la kipuuzi. Nimelisoma tena, na haliko hivyo. Ni jambo la kweli lenye sababu zake.

Sababu ni uvimbe kwenye kizazi. Kila mwezi Shangazi hutokwa damu mpaka anatembea akishika ukuta. Daktari Chenge wa hospitali ya kilimani alimwambia uvimbe ule utatolewa kwa kisu, lakini si kwa mtu wa kilo mia moja thelathini na moja, kwa kuwa akilazwa usingizi wa dawa anaweza asiamke. Apungue kwanza, kilo ishirini angalau. Shangazi akaacha ugali, akaacha nyama, akaacha chai ya maziwa, na kila Jumamosi vyote vikarudi. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Kenya anayenunua samaki hapa akamwambia habari za daktari wa Nairobi anayetia watu puto tumboni bila kupasua.

Tulikwenda likizo fupi ya Septemba. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya Kiingereza. Shangazi aliishia darasa la nne. Mimi niko kidato cha tatu na wenzangu wanasema nimekula kamusi. Nilitafsiri kila kitu, hata karatasi ya maelezo tuliyopewa. Puto hukunjwa likapitishwa kooni mgonjwa akiwa amesinzia. Likifika tumboni hujazwa maji ya chumvi hadi linakuwa kama balungi. Hukaa humo miezi sita, mtu akila kidogo anashiba, kisha hutolewa kwa njia ileile. Maji yale hutiwa rangi ya buluu. Niliuliza kwa nini. Daktari akasema puto likitoboka, rangi itaingia kwenye damu na kutokea kwenye mkojo. Mkojo ukiwa wa kijani, mgonjwa asingoje hata siku moja, kwa maana puto lililonywea linaweza kushuka likaziba utumbo.

Kabla ya kupanda basi la kurudi, Shangazi alinitia rozari yake kiganjani na kuniapisha.

"Pale sokoni Mwaloni kuna watu wanalala na njaa," alisema. "Wakijua nimelipa ili nisile, nitawatazama kwa macho gani?"

Niliapa, na rozari akaniachia. Kunyamaza ni kazi ninayoiweza. Darasani sijanyosha mkono tangu kidato cha kwanza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Mabondo hayakukauka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nieleze mabondo, nisije nikazeeka nikasahau. Bondo ni kifuko cha hewa kilicho ndani ya sangara, kinachomsaidia kuelea. Zamani kilitupwa pamoja na matumbo. Tangu biashara iwe huria na viwanda vya minofu vijengwe ufukweni, wamekuja wanunuzi wanaoyasafirisha mabondo hadi Hong Kong, ambako nasikia huliwa kwenye supu. Shangazi ana meza yake hapo kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na watu humwita Mama Bondo. Wanawake sita hukaa naye kwenye vigoda, wakimenya utando, wakipasua, wakiosha na kutandaza kwenye nyavu juani. Ila jua lenyewe halipo. Redio inasema mvua hizi zina jina, El Nino.

Leo wapagazi walipokwenda kunywa chai, Shangazi alipanda kwenye mizani ya magunia ya dagaa. Kilo mia moja ishirini na tatu. Alishuka akicheka peke yake. Rebeka, ambaye ndiye mkono wake wa kulia na ndiye ulimi wa Mwaloni nzima, alimwona.

"Mama Bondo, siku hizi unajiuza kwa kilo? Taja bei, mimi nachukua paja."

Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikupenda. Rebeka haachi kitu kipite bila kukisemea.

Jumatano, 29 Oktoba

Fundi amepunguza magauni matatu ya Shangazi.

Jumapili, 9 Novemba

Shangazi amepanda ngazi za kanisa bila kusimama. Miaka yote alikuwa anapumzika mara mbili, akijifanya anasalimia watu. Leo alifika juu mbele yangu, akageuka kunitazama kama mtoto aliyeshinda mbio.

Wakati wa kutakiana amani, mama aliyekaa mbele yetu alinipa mkono mimi, kisha akamwinamia tu Shangazi, mikono yake kifuani. Nilidhani ana baridi.

Jumanne, 18 Novemba

Hakuwa na baridi.

Leo Hellen, tunayekaa dawati moja, ameniuliza kama ni kweli shangazi yangu amekanyaga miwaya. Ndivyo wanavyosema kwa mtu mwenye UKIMWI. Nikasema si kweli. Akauliza, "Sasa anaumwa nini?" Hakuuliza kwa ubaya. Nikafungua kitabu cha jiografia nikasoma habari za volkano mpaka kengele ikalia.

Kwetu hapa mtu akinenepa amefanikiwa. Akikonda, anazikwa kabla ya kufa. Hata marehemu mume wa Shangazi, aliyekufa kwa ajali ya lori mwaka themanini na tisa, nasikia sasa hakufa kwa lori.

Nilimweleza Shangazi jioni. Aliendelea kuchambua mchele.

"Waache waseme. Leo ni mia na kumi na tano. Zimebaki nne."

Siwezi kusema hakuumia. Lakini ana jambo analolifuata, nami nimeona kwamba mtu wa namna hiyo husikia matusi kama mtu anayesikia mvua akiwa ndani.

Jumatatu, 1 Desemba

Shule imefungwa, nimekwenda Mwaloni kusaidia. Vigoda vitano vilikuwa vitupu. Wanawake wamehamia meza nyingine. Hawataki kuosha mabondo kwenye beseni moja na Shangazi. Amebaki Rebeka tu, naye amekuja na beseni lake. Na kikombe cha chai cha Shangazi nimekikuta kimefungwa uzi mwekundu kwenye mshikio, kimewekwa mbali na vingine.

Nilimchukia Rebeka kwa kikombe kile. Mabondo mengi yameanza kunuka.

Ijumaa, 12 Desemba

Mvua usiku na mchana. Barabara ya Musoma imekatika, mabasi ya Nairobi hayapiti. Shangazi anatapika kidogo. Anasema ni samaki wa jana.

Jumanne, 16 Desemba

Ninaandika kwenye benchi la hospitali. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi Shangazi aliniita bafuni akanionyesha beseni. Mkojo ulikuwa wa kijani, kama maji yaliyochemshiwa kisamvu. Tulitazamana. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Nikasema twende kilimani kwa Daktari Chenge. Akakataa. Kilimani kila nesi ana wifi Mwaloni, alisema, tutakwenda Nairobi. Nikamkumbusha barabara. Akasema kesho itafunguliwa. Nikamwambia daktari alikataza kungoja hata siku moja.

"Labda ulitafsiri vibaya," akasema.

Hajawahi kukitilia shaka Kiingereza changu. Hapo nikajua anaogopa kuliko mimi.

Kabla sijajibu, tukasikia hodi. Alikuwa Baba mkubwa Venant, kaka mkubwa wa Shangazi na wa baba yangu, ametoka Nansio kwa meli. Nyuma yake alikuwa Rebeka, na nyuma ya Rebeka wapagazi wawili wamebeba godoro jipya, bado liko kwenye nailoni. Rebeka ndiye aliyempelekea habari: dada yako amekonda, anatapika, hana mtu, njoo umchukue. Meli ya kurudi ilikuwa ya mchana.

Kwetu Ukerewe mtu hafii mjini kwenye chumba cha kupanga. Hurudishwa uwanjani kwa baba yake angali anaona ziwa. Baba mkubwa hakuyasema hayo. Alisimama mlangoni maji yakimchuruzika, akaliona beseni lililokuwa bado mikononi mwangu, na uso wake ukabadilika.

"Teodora," alisema, "nimekuja na godoro."

Shangazi akafunga khanga yake vizuri. "Asante, kaka. Twende nikapumzike."

Nikaelewa. Aliona ni nafuu kuondoka kama mtu anayekufa kuliko kubaki kama mtu aliyelipa ili asile. Anayekufa angalau husitiriwa. Lakini Nansio hawana ule mpira mrefu wenye taa wa kuingizwa tumboni, na meli ikishang'oa nanga hairudi kwa ajili ya mtu mmoja.

Nilikuwa nimeweka beseni chini na kupiga magoti kumsalimia Baba mkubwa, kama tunavyofanya. Shikamoo nimesema, marahaba ameitikia. Sikuinuka.

"Baba mkubwa, Shangazi hana ugonjwa mnaoufikiria. Ana puto tumboni. Limetiwa na daktari ili apungue, apasuliwe uvimbe. Leo limetoboka."

"Odeta," alisema Shangazi. Jina langu tu.

Baba mkubwa alinitazama chini pale nilipokuwa. "Puto. Haya ya watoto?"

Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya ile karatasi ya Nairobi. Karibu na mlango palikuwa na ndoo ya mabondo ambayo Shangazi alirudi nayo jana, kwa kuwa Mwaloni hapakuwa na mikono ya kuyaosha. Nikachukua moja ambalo halijapasuliwa, nikalitoboa tundu dogo, nikakamua hewa, nikamwomba Rebeka anishikie. Alishika bila kuuliza. Nikamimina maji kwa kikombe hadi likavimba, nikalibana tundu kwa vidole na kulitia kwenye sufuria.

"Sufuria ndilo tumbo," nilisema. "Ugali utaingia kiasi gani?"

Rebeka akachungulia. "Tonge mbili."

Nikaachia vidole. Maji yakatoka, bondo likanywea, likabaki kama kitambaa chini ya sufuria. Tulilitazama wote.

"Na hiki kinachobaki," aliuliza Rebeka polepole, "kinakwenda wapi?"

"Kinaweza kushuka kwenye utumbo. Kikikwama..."

Hakuniacha nimalize. Amepasua samaki maisha yake yote. Utumbo ulioziba anaujua. Alijifunga khanga kiunoni, akasema pikapu ya barafu ya kiwandani imesimama dukani, akatoka mbio kwenye tope.

Baba mkubwa akamgeukia dada yake. Akamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema Shangazi. Alikuwa anatazama sakafu. "Nililipa ili nisile, kaka."

Baba mkubwa aligonga godoro kwa kiganja. "Na mimi nimelilipia godoro nauli ya meli," akasema. "Basi lilalie."

Pikapu ilipofika njia panda haikushuka bandarini. Ilipanda kilimani. Shangazi alikuwa nyuma juu ya godoro, turubai juu yake, mimi na Rebeka tumelishika kila mmoja upande wake. Mvua ilikuwa inatupiga usoni.

Daktari Chenge hakucheka. Alisoma karatasi yangu mara mbili, akasema puto hajawahi kulitoa, ila kwa mpira uleule wenye taa ameshatoa sarafu na miiba ya sangara, na anajua njia. Tulingoja hapa kwenye benchi. Lilipotoka, nesi alituonyesha kwenye bakuli: kitu kilichokunjamana, chenye buluu kidogo, kidogo kuliko nilivyokumbuka. Halikuwa limeshuka. Lilikuwa bado tumboni.

Baadaye walimpima. Kilo mia moja na kumi. Daktari aliandika, akainua kichwa na kusema kwamba sasa anaweza kumpasua.

Niliingia wodini nikifurahi. Shangazi alikuwa amegeukia ukutani.

"Rozari yangu," alisema. "Nirudishie."

Nikamrudishia.

Ijumaa, 19 Desemba

Tuko nyumbani. Hajasema nami.

Jumapili, 21 Desemba

"Leta chumvi."

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Baba mkubwa bado yuko nasi, analala kwenye godoro lake na anasema mgongo haujawahi kumshukuru hivi. Nilikuwa nikimwona mtu mkali asiyependa watoto wanaosoma sana. Kumbe anapenda kusomewa gazeti. Jana nilimsomea lote, hadi matangazo ya vifo.

Rebeka amekuja na ndizi na samaki wa kukaanga. Alitoa mfukoni kile kikombe chenye uzi mwekundu. Wale wengine walitaka kukitupa ziwani, alisema, akakifunga uzi akitambue, akakiweka kando, na jioni alikuwa akiondoka nacho. Na beseni? Beseni alileta kwa sababu la mezani lilikuwa limetoboka. Alinitazama wakati anasema, kama mtu anayejua nilikuwa nimeandika nini.

Nimekosea kuhusu Rebeka tangu Oktoba. Naandika hivyo waziwazi, kwa kuwa Oktoba pia niliandika waziwazi.

Shangazi alinywea chai kikombe kile. Akanipa mimi nikioshe. Hakusema, lakini alinipa mimi.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Daktari amepanga upasuaji Jumatatu ijayo. Anataka chupa tatu za damu kabla, kwa sababu Shangazi amemwaga nyingi miaka yote hii, na hospitali haina akiba. Ndugu na jamaa ndio watoe. Baba mkubwa ametoa moja. Mimi nina miaka kumi na sita, wamenirudisha. Baba yangu alikuja juzi kutoka Nansio. Ana malaria, wamemrudisha pia. Bila chupa mbili zilizobaki hakuna upasuaji, na Shangazi akisubiri sana kilo zitarudi. Jana amekula mkate mzima.

Rebeka yuko tayari, lakini si peke yake. Damu hupimwa UKIMWI kwanza. Akionekana kilimani peke yake, kufika jioni na yeye atakuwa amekanyaga miwaya. Waende wanawake wengi kwa mpigo, alisema, na hawataenda mpaka waambiwe ukweli.

Shangazi alikuwa anasikiliza kutoka chumbani.

Ijumaa, 9 Januari

Asubuhi Shangazi alivaa gauni lake la kitenge, lile lililopunguzwa mara mbili, akatoa kabatini chupa ambayo nesi alimpa. Ndani yake lilikuwa puto. Akaniambia, "Vaa viatu." Hayo ndiyo maneno yaliyomaliza kununiana kwetu.

Mvua ilikuwa imeacha kidogo, na kwa mara ya kwanza mwaka huu mabondo yalikuwa kwenye nyavu. Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nyavu, akalitundika puto katikati yake kwa kibanio cha nguo. Wanawake wakaanza kusogea, mmoja mmoja, hata wale waliohama.

"Hilo si la sangara," alisema mmoja.

"Ni la Mama Bondo mwenyewe," akajibu Rebeka bila kuacha kumenya.

Shangazi alingoja mpaka kicheko kikaisha. "Nilitiwa kitu hiki tumboni ili nisile, na nililipa," alisema. "Anayetaka kunicheka anicheke sasa, maana Jumatatu napasuliwa na nikicheka nitaumia." Kisha akanigeukia. Alitoa rozari, akaniwekea kiganjani, akakunja vidole vyangu juu yake. "Mara ile uliapa kunyamaza. Sasa uape kusema yote."

Nilipanda juu ya kreti la samaki. Mvua ikarudi juu ya mabati, nikalazimika kupaza sauti, na sauti ilikuwepo. Nilieleza uvimbe, kilo, koo, maji ya chumvi, rangi ya buluu na mkojo wa kijani. Mwanamke mmoja aliuliza kama linauma. Nikasema siku za kwanza linatapisha. Mwingine akauliza kwa nini basi daktari anataka damu ya watu. Nikasema kwa sababu ya Shangazi imepungua, na kwamba yeye mwenyewe amepimwa damu kilimani na ni mzima, na kila atakayetoa damu akitaka kujua majibu yake ataambiwa peke yake, na asiyetaka hataambiwa. Hilo nilikuwa nimemuuliza Daktari Chenge jana.

Rebeka akaweka kisu chini, akanawa mikono, akapanda pikapu ya barafu. Wakapanda wengine wanne. Shangazi akakaa mbele na dereva.

Pikapu ilipoondoka nilishuka kwenye kreti. Nikavaa rozari shingoni ili isilowe, nikakunja mikono ya gauni, nikakaa kwenye kigoda cha Rebeka, nikachukua bondo alilokuwa ameliacha nusu, nikaendelea kulimenya.